Kitabu cha mashairi ya watoto chenye picha: nawafundishaje watoto kuona usanifu wake?

MkutubiTanga

Habari wadau. Nina kundi la watoto 24 wa miaka 8 hadi 11, kipindi ni dakika 40 mara moja kwa wiki. Kitabu tulicho nacho ni cha mashairi chenye picha, A5 ya wima, kurasa 32, na nakala ni moja tu. Mashairi mengi ni tarbia (beti za mishororo minne) za mizani 16, yaani silabi 16 kwa mshororo, machache ni ya mizani 8. Vina na mizani wanavijua, wanahesabu kwa vidole bila shida. Ila tukifika kwenye picha na jinsi ukurasa ulivyopangwa, jibu ni "pazuri" au "pabaya", basi. Nataka wafike mahali pa kusema kwa nini maneno yamewekwa pale, kwa nini picha imekatwa hivi, kwa nini upande ule umeachwa mtupu. Somo la kuchora silitafuti. Nianzie wapi? Na mwisho wakitaka kutengeneza kijitabu chao wenyewe, nijihadhari na nini?

UkwapiNaUtao

Mkutubi, anzia kwenye mshororo, picha itafuata. Shairi la Kiswahili huja mkononi mwa msanifu likiwa na umbo lake: ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), utao (nusu ya pili), kina cha kati, kina cha mwisho. Kazi ya ukurasa ni kulionyesha umbo hilo au kulivuruga, na watoto wako wanaojua vina wanaweza kuyaona yote mawili kwa macho yao.

Andika hii ubaoni (nimeitunga sasa hivi ili usihangaike na haki za mtunzi):

Mwezi umetoka juu, wamulika bandarini,
Kaa amekunja guu, achungulia shimoni.

Nane kwa nane. Mshororo wa kwanza, ukihesabu herufi, nafasi na alama (ukiacha koma ya mwisho), una 37. Sasa pima ukurasa wa kitabu chako. A5 ina upana wa mm 148. Toa pambizo ya ndani mm 20 na ya nje mm 15, zinabaki mm 113. Katika fonti za kawaida herufi moja kwa wastani hula nusu ya ukubwa wa fonti, na pointi moja ni kama mm 0.35. Kwa hiyo kwa pointi 16 mshororo huo unataka kama mm 104, unaingia. Panda hadi pointi 18, unataka karibu mm 118. Hauingii. "Bandarini" inaanguka chini peke yake, na kina cha mwisho kinakwenda nayo. Mtoto anayesoma kwa macho anaiona kama mshororo wa tano.

Hapo ndipo mashairi mengi ya watoto yanapoharibika. Msanifu huchagua ukubwa wa herufi kwanza kwa sababu "ni kitabu cha watoto, ziwe kubwa", kisha anamimina maneno. Inatakiwa kinyume chake: utafute mshororo mrefu kuliko yote kitabuni, uupime, ndipo uchague fonti na hata umbo la kitabu.

Kwa darasa: gawa makundi sita ya watoto wanne wanne. Kila kundi lipe ubeti mmoja ulioandikwa kwenye vipande vinne vya karatasi, kila mshororo kipande chake chenye urefu wa sm 30, na manila yenye upana wa sm 25. Haviingii, na hivyo ndivyo unavyotaka. Usiwape jibu. Watagundua wenyewe kwamba njia ni chache: kuandika upya kwa herufi ndogo, kulaza manila, au kukata kipande penye mkato, pale ukwapi unapokutana na utao. Kila kundi lieleze limepata nini na limepoteza nini kwa uamuzi wake. Dakika 25 zinatosha, na baada ya hapo wakifungua kitabu wataanza kukikagua badala ya kukitazama tu.

BahariYaMtiririko

Nakubaliana na vipimo, ila ningeomba kwenye kukata penye mkato tusiende haraka. Tarbia ikivunjwa katikati, mishororo minne inakuwa mistari minane mifupi ya mizani 8 kila mmoja. Mtoto akiitazama kwa mbali haioni tofauti na utenzi. Hizo ni bahari (aina za mashairi) mbili. Kwenye utenzi ubeti ni vipande vinne vya mizani 8, na kina cha kipande cha nne hurudi ubeti hadi ubeti mpaka mwisho wa utungo. Kwenye tarbia kuna vina viwili vinavyokwenda sambamba. Mpangilio ukizifanya zifanane, umeficha jambo ambalo mtunzi alitaka lionekane.

Tena kuna historia ya kuwaonyesha watoto. Katika miswada mingi ya zamani ya pwani iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, vipande vinne vya ubeti wa utenzi vilipangwa kwenye mstari mmoja mrefu, na kati ya kipande na kipande pakawekwa alama ndogo ya kutenganisha, mara nyingi kwa wino wa rangi nyingine. Ukurasa mzima unaonekana kama safu nne zinazoshuka. Kina cha ubeti kinakaa mahali pamoja kutoka juu hadi chini, jicho linakifuata hata kabla hujasoma. Huo ni usanifu wa ukurasa hasa, wala haukuhitaji kompyuta.

Ushauri wangu kwa tarbia: usivunje, lakini tenganisha. Acha nafasi ya mm 8 hadi 10 kati ya ukwapi na utao, na utao wote uanze kwenye mstari mmoja wa wima. Vina vya kati vitasogeleana, vya mwisho vitasogeleana, na shairi litaonekana lina nguzo mbili.

UkwapiNaUtao

Nafasi hiyo inataka upana. Mm 118 za pointi 18 ukiongeza 10 unafika 128, A5 ya wima haina. Ilaze: 210 toa pambizo 35 ni 175. Unabaki na kama mm 47 pembeni kwa picha nyembamba ya wima. Mnazi, mlingoti, twiga, ngazi, vyote vinakaa. Ndiyo maana vitabu vya mashairi ya watoto vya Kiswahili vingefaa kuwa vya kulala au vya mraba kuliko vya wima, ingawa wapiga chapa wengi hupenda wima.

Kwa aliyelazimika kubaki wima, kuvunja kunaruhusiwa kwa sharti moja: utao uingizwe ndani kama mm 6, usilingane na ukwapi. Hapo mtoto anajua ni mshororo uleule unaendelea. Gharama yake ni urefu. Kwa pointi 16 na nafasi ya pointi 22 toka mstari hadi mstari, kila mstari unakula karibu mm 8. Beti nne zisizovunjwa ni mistari 16, kama mm 124, na ukurasa wa A5 wenye pambizo una mm 175 hivi. Picha inapata mm 50 hivi. Ukivunja, beti nne ni mistari 32, mm 248. Haziingii kabisa, ni beti mbili tu kwa ukurasa. Kituo (mshororo wa mwisho) cha ubeti wa nne kitaangukia ukurasa mwingine.

RangiTatu

Nijazie upande wa picha, maana wenzangu wamezama kwenye milimita (sawa, ni muhimu).

Kwa nakala moja na watoto 24, usiwazungushie kitabu mkono kwa mkono. Kaa nacho mbele, makundi mawili ya watu 12 kwa zamu, nusu nyingine ikiwa kwenye kazi ya vipande. Fanya mambo matatu kwa mpangilio huu.

Funika maneno kwa karatasi, acha picha tu. Wape dakika moja kimya. Kisha uliza: picha hii imechora mshororo upi? Wasomee shairi baadaye. Mara nyingi picha nzuri haichori shairi zima, huchagua jambo moja. Kwenye mfano wa kaa hapo juu, mchoraji mvivu atachora mwezi, bandari, kaa na shimo, vyote. Aliyefikiri atachora shimo jeusi na macho mawili, kwa sababu mwezi umeshatajwa na maneno. Picha inayorudia kila neno humfanya mtoto asihitaji kusoma.

Pili, kata manila mbili zenye umbo la herufi L, kila mkono sm 15 na upana sm 3. Ukizipishanisha unapata fremu unayoweza kuipanua na kuibana. Iweke juu ya picha ya kitabu, mtoto mmoja aisogeze, wengine waseme nini kimebadilika. Ukimweka kaa katikati anaonekana ametulia. Ukimweka pembeni chini, nafasi tupu juu yake inakuwa usiku mkubwa na yeye mdogo. Hapo swali lako la "kwa nini upande ule umeachwa mtupu" linajibika bila wewe kusema lolote.

Tatu, mgeuzo wa ukurasa. Hili ndilo wengi hulisahau. Kitabu kina ukurasa wa kulia ambao baada yake lazima ugeuze, na huo ni mlango wa kushtukiza. Chukua kitendawili cha kawaida: nyumba yangu haina mlango. Kikiwekwa ukurasa wa kushoto na kuku na yai wamechorwa kulia, kimekufa. Kitendawili kinakaa kulia, jibu na picha yake vinangoja nyuma ya karatasi. Pitieni kitabu chenu mtazame ni mara ngapi kimetumia mgeuzo na mara ngapi kimeupoteza.

Halafu mshono. Kitabu cha kurasa 32 kikiwa kimefungwa kwa pini kinafunguka vizuri, lakini kikiwa cha gundi, milimita kadhaa za kila ukurasa humezwa katikati. Ndiyo maana uso wa mtu au neno halipitishwi mshononi. Waulize watoto watafute picha inayovuka kurasa mbili na waone nini kimewekwa katikati. Kikiwa ni anga au maji, msanifu alijua. Kikiwa ni pua ya mtoto, hakujua.

Kuhusu rangi, waonyeshe picha za mwanzo za Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam, aliyeanza kuchora mwaka 1968 na kufariki 1972. Mnyama mmoja mkubwa, nyuma yake rangi moja tambarare, hakuna vurugu. Umbo linasomeka toka upande wa pili wa chumba. Kisha warudi kwenye kitabu wakadirie ni picha zipi zinasomeka kwa umbali wa hatua sita.

Na maneno yaliyowekwa juu ya picha: piga ukurasa kwa simu, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Herufi zikipotea, tofauti ya weupe na weusi haitoshi, hata kama rangi zinaonekana kali. Nyekundu juu ya kijani ndiyo mtego mkubwa, maana zikigeuzwa kijivu mara nyingi hulingana.

MpigaChapaMzee

Nina mawili matatu ya matbaa, maana watoto wanapenda kujua kitu kimetengenezwaje.

Tafuta lenzi ya kukuzia mara 10. Kitabu kikiwa kimechapwa kwa rangi nne, wakitazama picha yoyote wataona nukta: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kijani cha jani hakipo, kuna nukta za samawati na njano zimepangwa karibu karibu. Kisha waweke lenzi kwenye herufi. Herufi ikiwa nyeusi safi yenye kingo kali, aliyeandaa kitabu aliiweka kwenye wino mweusi peke yake. Ikiwa na ukungu wa rangi pembeni, nyeusi ile ilitengenezwa kwa wino zote nne na sahani zikasogeana kidogo tu. Kosa hilo hutokea sana maandishi yakipangwa kwenye programu ya picha badala ya programu ya kurasa.

Jingine ni karatasi. Wainue ukurasa mmoja mbele ya dirisha. Karatasi ya gramu 70 au 80 huacha picha ya upande wa pili ijitokeze nyuma ya shairi, na ule uwazi mweupe ambao RangiTatu anausifu unakuwa umechafuka. Kwa kitabu cha picha mimi sishuki chini ya gramu 115.

Kurasa 32 si bahati nasibu. Karatasi moja kubwa ikikunjwa hutoa kurasa 16, nane kila upande, kwa hiyo kitabu chenu ni karatasi mbili. Mtunzi akileta mashairi ya kurasa 33, shairi moja litaondoka au kurasa tatu zitabaki tupu hata kwa kitabu cha pini, ambacho kurasa zake lazima zigawanyike kwa nne.

MkutubiTanga

Shukrani sana wakuu, nimepata kazi ya wiki tatu. Maswali mawili. Sina mashine ya kuchapa, nina A4, mikasi na penseli, na naweza kupiga fotokopi nyeusi. Kijitabu kifanyike vipi? La pili, baadaye tukichapa kwenye kompyuta, fonti gani inafaa kwa wasomaji wadogo?

UkwapiNaUtao

La fonti ni rahisi. Kuna fonti ya Andika ya shirika la SIL, ya bure, imetengenezwa kwa ajili ya wanaoanza kusoma. Umbo la "a" ndani yake ni lile mtoto analoliandika kwa mkono, na I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hazifanani. Kwenye fonti nyingi za kisasa zisizo na mikia, neno "Ili" linalofungua mshororo ni vijiti vitatu. Zima ukataji wa maneno wa moja kwa moja, kwa sababu kompyuta hutumia kanuni za lugha nyingine na kukata silabi vibaya. Angalia pia alama ya ng': programu zingine huigeuza alama ile kuwa ya kunukuu, au huiacha "ng'" mwisho wa mstari na "ombe" kuanza mwingine.

Kijitabu cha karatasi moja kiko hivi. Laza A4, ikunje nusu mara tatu, ifungue. Una vyumba vinane, vinne juu na vinne chini, kila kimoja mm 74 kwa 105. Ikunje tena nusu ya kwanza tu, ncha fupi zikutane, kisha kata kutoka upande uliokunjwa, kwa mkunjo wa katikati, hadi ufike mkunjo unaofuata, uishie hapo. Ukiifungua, mpasuo uko katikati ya vyumba viwili vya ndani tu. Ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili zikaribiane hadi mpasuo ufunguke kama msalaba, halafu zifunge zote upande mmoja.

Namba za kurasa, ukitazama karatasi ikiwa imelala: safu ya chini kutoka kushoto ni 8, 1, 2, 3, zimesimama. Safu ya juu kutoka kushoto ni 7, 6, 5, 4, zote kichwa chini. Ukurasa wa 1 ni jalada la mbele, wa 8 ni jalada la nyuma. Makosa ni mawili kila mara. Mtoto anaandika safu ya juu ikiwa imesimama, na kurasa nne zinatoka kichwa chini. Au anakata mpaka ukingoni na kitabu kinakuwa vipande viwili. Waambie waandike namba kwa penseli, wakunje, wakague, ndipo wafungue na kuanza kazi.

BahariYaMtiririko

Na hapo kwenye mm 74 hoja yangu ya kutovunja inashindwa, nakiri. Ukiacha pambizo ya mm 8 kila upande unabaki na 58, na mshororo wa mizani 16 ungetaka fonti ya chini ya pointi 9. Wape mizani 8. Kurasa za ndani ni sita, yaani kurasa 2 na 3, 4 na 5, 6 na 7 zinatazamana. Ubeti mmoja wa utenzi upande mmoja na picha upande wa pili, beti tatu tu, kina cha mwisho kikirudi mara tatu. Kile kina wakiweke mahali palepale kila ukurasa, kwa rangi ileile. Ila kwenye fotokopi rangi itakuwa kijivu, kwa hiyo wakipigie mstari chini.

RangiTatu

Kama utaonyesha kwanza mfano ambao kila mtoto ana wake nyumbani, lete khanga moja, uitandaze mezani. Pindo limezunguka, mji uko katikati, jina liko chini ya mji, na mara nyingi jina ndilo sehemu ndogo kuliko zote. Funika jina kwa ukanda wa karatasi, waulize kama khanga imepungua. Kisha funika pindo. Hapo utapata mabishano ya maana kuliko kwenye kitabu.

MpigaChapaMzee

Mashine nyingi za fotokopi haziwezi kuchapa mpaka ukingoni, huacha kama mm 5 pande zote. Picha iliyochorwa hadi mwisho wa karatasi itakatwa, na kwa kuwa karatasi inakunjwa, mkato huo utatokea upande wa chini wa kila ukurasa, na upande wa nje kwa kurasa za 3, 4, 7 na 8 tu. Wachorewe mstari wa mm 7 toka ukingo wa A4 na lolote la maana lisivuke. Penseli hufifia kwenye nakala, wapitie kwa kalamu nyeusi kabla. Samawati hafifu mara nyingi haionekani kabisa kwenye fotokopi nyeusi, kwa hiyo itumike kwa mistari ya kupangia maneno, hakuna haja ya kuifuta.